Je, Wajua? Boriti Haifi kwa Uzee

Je, wajua kwamba mbao haina umri wa kufa? Katikati ya mnara wa ghorofa tano wa hekalu la Hōryū-ji, Japani, imesimama nguzo ya mberoshi ambayo mti wake ulikatwa mwaka 594, yaani kabla ya Hijra. Wataalamu waliupata mwaka huo kwa kuhesabu na kulinganisha pete za mti. Nguzo ingali kazini. Kinachoua mbao ni maji. Kuvu na wadudu wengi hufuata maji, na mafundi wa harakaharaka hufuata wadudu.

Je, wajua mpaka wenyewe uko wapi? Mbao ambayo unyevu wake haufiki asilimia 20 ya uzito wake mkavu haiozi, kwa sababu kuvu inayoozesha haipati maji ya kuotea. Kipimo cha mkononi chenye sindano mbili husoma kiwango hicho kwa sekunde chache. Asiye na kipimo na awe na bisibisi. Fundi akija kukagua paa kuukuu mikono mitupu, mpe chai, kisha mtafute mwingine.

Je, wajua boriti huanza kuoza wapi? Si pale katikati unapopatazama ukiwa umejilaza kitandani. Huozea ncha, ile sehemu iliyozama ukutani ambayo hakuna anayeiona. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, dari hujengwa kwa boriti za mikoko zilizopangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake vibapa vya mawe ya matumbawe, kisha tabaka nene la kokoto na chokaa. Tabaka hilo zamani lilipigwapigwa kwa vijiti siku nyingi, huku wapigaji wakiimba, mpaka likawa sakafu ya chumba cha juu. Kuta nazo ni za matumbawe na chokaa, nene nusu mita au zaidi. Plasta ikibanduka, ukuta hunywa mvua. Bomba la bafuni likivuja, ukuta hunywa. Na ukishakunywa hautoi upesi. Ncha ya boriti hukaa humo na maji mwaka mzima, ilhali sehemu ya chumbani ni kavu, ngumu na ya kupendeza. Mwenye nyumba naye hupaka rangi hiyo ya kupendeza.

Ndiyo maana fundi mwerevu haanzi ukaguzi katikati ya chumba. Huegemeza ngazi ukutani, akachoma kwa bisibisi pale boriti inapoingia, moja baada ya nyingine, na hukawia zaidi upande wa bafuni na chini ya mfereji wa maji ya mvua. Bisibisi ikizama bila kulazimishwa, amepata jibu lake. Akiitengeneza boriti na kuirudisha ukutani, huilaza ncha juu ya kipande cha jiwe gumu na kuacha nafasi ya hewa kuizunguka. Wanaoizika kwenye saruji huitwa tena baada ya miaka michache, na hulipwa tena.

Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni virefu lakini vyembamba? Mchoraji ramani alikuwa mkoko. Boriti ikivuka mita 3 hivi huanza kunyumbuka mno chini ya mzigo wa dari ya mawe, basi upana wa chumba ukaishia hapo. Mwenye mali alirefusha chumba, au aliongeza kingine nyuma yake, lakini hakukipanua.

Na si pwani yetu peke yake. Majahazi yaliyokuja na kaskazi yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Rufiji na Lamu, zikaenda kuezeka nyumba za Ghuba, ambako hakuna miti mirefu ya kujengea. Huko huziita chandal. Ukiingia katika nyumba zilizokarabatiwa za mtaa wa Al Fahidi, Dubai, inua macho: utaona boriti za sampuli ileile, na chumba chenye upana wa kiasi kilekile. Biashara hiyo ilidumu karne nyingi. Kenya ilipiga marufuku kupeleka mikoko nje ya nchi mwaka 1982, baada ya misitu kukatwa kupita kiasi.

Je, wajua kwamba huko Lamu mkoko huuzwa kwa unene, na kila unene una jina lake? Fito ndizo nyembamba kabisa, hazifiki sentimita 4. Zinafuata pau, mazio, halafu boriti zenye sentimita 11 hadi 14 hivi, kisha nguzo. Huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Anayekwenda kununua boriti za kurekebisha dari akarudi na mazio kwa sababu bei ilikuwa nzuri amenunua tatizo, na hesabu inayofuata itaonyesha kwa nini.

Je, wajua kwamba boriti iliyoliwa sentimita moja na nusu tu kuzunguka mwili wake imepoteza nusu ya nguvu? Chukua mti wa duara wenye kipenyo cha sentimita 15. Mchwa wakila sentimita 1.5 kila upande, kinabaki kipenyo cha sentimita 12. Macho yanasema imepungua kidogo. Lakini uwezo wa mti wa duara kubeba mzigo hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe mara tatu: 12 dhidi ya 15 kwa hesabu hiyo ni asilimia 51. Ukakamavu wake, yaani uwezo wa kukataa kupinda, unashuka zaidi, hadi asilimia 41. Ganda la nje ndilo linalofanya kazi kubwa. Kwa hiyo boriti yenye uwazi kidogo katikati inaweza kuwa na heri kuliko iliyoguguniwa juujuu pande zote. Fundi anayechonga ganda lililoharibika ili kusafisha, kisha akapaka rangi na kuondoka, ameacha mti mwembamba kazini kwa mshahara wa mti mnene.

Je, wajua kwamba ubao wa mbili kwa sita ukiusimamisha kwa ubavu unabeba mara 3 ya ule uliolazwa, na ni mkakamavu mara 9? Ubao ni uleule, bei ileile, duka lilelile. Kenchi nyingi zilizolegea mitaani kwetu zilijengwa na mtu ambaye hakuambiwa hilo.

Je, wajua kwamba ukiweka bimu ya kupokea katikati ya dari inayonepa, mnepo unapungua hadi sehemu moja ya kumi na sita? Hiyo ni kwa boriti inayobeba mzigo uliosambaa sawasawa na ambayo sasa urefu wake umegawanywa nusu kwa nusu. Hakuna dawa ya duka wala chuma cha kigeni kinachoshinda msaada huo mmoja wa katikati. Tahadhari ni moja tu: nguzo za bimu hiyo zisimame juu ya nini? Zikisimama juu ya dari ya chumba cha chini, umemhamishia jirani mzigo wako. Lazima nguzo zifuatane ghorofa hadi ghorofa mpaka kwenye msingi.

Je, wajua kwamba dari iliyonepa si lazima iwe dari dhaifu? Mbao inayobeba mzigo mzito miaka mingi hupinda polepole na kubaki hivyo, hata kama haijaoza mahali popote. Cha kuuliza ni kama bado inaendelea kushuka. Piga alama ukutani, rudi baada ya masika. Na kama ni lazima kuinyanyua kwa jeki, nyanyua milimita chache, acha ipumzike, nyanyua tena kesho. Waliotaka kuinyoosha kwa asubuhi moja wamepasua plasta, wakapasua ukuta, na mara nyingine wameivunja boriti yenyewe iliyokuwa imekwisha kuzoea umbo lake.

Nyufa je? Ufa unaofuata urefu wa mbao kwa kawaida ni alama ya kukauka tu. Mbao hunywea sana kwa upana na karibu isinywee kwa urefu, hivyo hupasuka kufuata nyuzi zake. Ufa unaokatiza nyuzi, hasa upande wa chini katikati ya boriti, ndio wa kumwamsha mtu usiku.

Je, wajua kwamba sikio ni kifaa cha kazi? Gonga boriti nzima kwa nyundo ndogo, inaitika kwa sauti kali. Gonga iliyo tupu ndani, sauti inazama. Mafundi wa zamani walikagua paa zima hivyo. Siku hizi kuna mashine inayopenyeza sindano ndefu yenye ncha ya milimita 3 na kuchora mchoro wa ugumu wa mti kutoka ganda hadi ganda. Tundu linalobaki halizidi yale ya wadudu. Mashine ni nzuri sana, ila nayo hupenyezwa pale ambapo nyundo imekwisha kutilia shaka.

Je, wajua kwamba mchwa wanaokula nyumba si wa aina moja? Wapo wanaoishi ardhini na kupanda ukutani kwa vijia vya udongo. Hao huhitaji unyevu, na ukivunja kijia leo ukakikuta kimejengwa tena kesho, ujue wapo kazini. Wapo pia wa mbao kavu, wasiohitaji ardhi kabisa. Hao huishi ndani ya boriti yenyewe na kusukumia nje punje ndogo ngumu zinazolundikana sakafuni. Mwanamke anayefagia chumba ndiye mkaguzi wa kwanza wa paa: punje zikirudi mahali palepale kila asubuhi, tazama juu. Kumwagia dawa msingi wa nyumba hakuwagusi hao wa pili hata kidogo, ingawa wauza dawa hawapendi kulieleza hilo.

Uingereza wana wadudu wao. Yuko mdudu wa mialoni ambaye hugonga kichwa chake kwenye mbao kumwita mwenzake. Watu waliokesha na mgonjwa walimsikia usiku wa manane wakadhani ni mauti yanabisha. Kiluwiluwi chake kinaweza kula mbao kwa miaka hata 10 kabla ya kutoka, na hupenda zaidi mbao ambayo kuvu imekwisha kuilainisha. Tumerudi palepale, kwenye maji.

Mdudu huyo ndiye aliyeitikisa Westminster Hall ya London. Paa lake liliagizwa na Mfalme Richard II mwaka 1393, likajengwa na seremala mkuu Hugh Herland kuvuka upana wa karibu mita 21 bila nguzo hata moja katikati. Ukaguzi wa mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuta mialoni imeliwa hadi kuacha mapango. Kati ya mwaka 1914 na 1923, chini ya Frank Baines, viunzi vya chuma viliingizwa na kufichwa katika paa ili vibebe mzigo, na mialoni ikaachwa mahali pake. Ukisimama chini huvioni. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Mei 1941, mabomu yalipowasha Bunge zima, wazima moto hawakuweza kuokoa kila kitu. Ukumbi wa wabunge uliachwa ukaungua, paa la Herland likaokolewa.

Je, wajua kwamba ncha iliyooza inaweza kukatwa na boriti ikabaki? Sehemu iliyokufa huondolewa, mbao nzima hukatwa mshazari, na kipande kipya chenye mshazari wa kupokelea hulaliana nayo na kufungwa kwa boliti au vigingi vya mti mgumu. Mshazari ukiwa mrefu, kiungo ni imara zaidi. Mfupi ni wa kudanganyia jicho. Njia nyingine, rahisi na ya kweli, ni kuipa boriti mwenzake: mpya hulazwa ubavuni mwa ya zamani, zikafungwa pamoja, na mpya ikapata mahali pake penyewe pa kukalia ukutani. Kwenye dari za mikoko mafundi hupachika boriti mpya katika nafasi kati ya mbili za zamani. Haina mbwembwe na inafaa.

Wajapani wamelifanya jambo hilo kuwa sanaa. Nguzo zao huoza chini, karibu na ardhi, basi hukata mguu tu na kuunga mguu mpya. Nguzo moja ya lango la Otemon, kwenye ngome ya Osaka, ina kiungo ambacho kwa kukitazama hakiwezekani: kwa sura ya nje, pande zote, vipande viwili visingeweza kuingiana kamwe. Kilibaki kitendawili kwa miaka mingi hadi picha za eksirei zilipoonyesha kuwa ndani kuna mteremko, na kwamba kipande cha chini kilitelezeshwa kwa kupanda kimshazari. Fundi aliyekitengeneza hakuacha maelezo.

Je, wajua kwamba jengo zima la magogo linaweza kuning'inizwa hewani wakati linabadilishwa chini? Kanisa la Kugeuka Sura katika kisiwa cha Kizhi, Urusi, lilijengwa mwaka 1714, lina urefu wa mita 37 na kuba 22. Magogo yake ya chini yalipooza, liliingizwa kiunzi cha chuma tumboni katika miaka ya 1980 ili lisianguke. Kisha, katika ukarabati uliokamilika mwaka 2020, liligawanywa matabaka saba. Tabaka la chini lilitolewa, likapelekwa karakana, magogo yaliyooza yakabadilishwa na mazima yakarudishwa, huku matabaka ya juu yakiwa yamebebwa na chuma. Wakapanda hivyo moja hadi jingine. Watalii huambiwa kuwa kanisa hilo halina msumari hata mmoja. Vigae vya mbao vya kuba vimepigiliwa misumari.

Tukitaja misumari: je, wajua kwamba msumari wa chuma cha kawaida haupatani na mkoko? Mkoko una tanini nyingi, ileile iliyofanya magome yake yatumike kusindika ngozi. Tanini ikikutana na chuma na unyevu, chuma huliwa na mbao huwa nyeusi kuzunguka tundu. Hali ni hiyohiyo kwa mwaloni. Kwa viungo vya kudumu tumia chuma kisichoshika kutu, ghali ndiyo, au kigingi cha mti mgumu, ambacho ni rahisi na kimethibitishwa kwa karne nyingi.

Je, wajua kuhusu gundi ya epoksi? Tangu miaka ya 1970 huko Ulaya wamekuwa wakijaza sehemu zilizooza kwa epoksi yenye fito za nyuzi za kioo au chuma ndani. Kazi hufanyika haraka na urembo wa boriti hubaki. Lakini epoksi haipumui. Maji yakiingia nyuma yake, mbao iliyobaki huoza kwa siri. Pia gundi nyingi za kukauka bila moto huanza kulegea kwenye nyuzi joto 50 hadi 60 hivi. Huko kwao hilo si jambo kubwa. Chini ya bati, saa nane mchana wa Februari, Dar es Salaam au Mombasa, ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Je, wajua kwamba paa nyingi za mabati unazoziona juu ya Mji Mkongwe hazikuwa kwenye ramani ya kwanza? Nyumba zilikuwa na paa bapa za chokaa. Zilivuja, zikafunikwa mabati ya mgongo. Wapenda picha hulalamika, lakini bati zuri lenye mfereji mzuri limeokoa boriti nyingi kuliko dawa zote. Bati lililotoboka ni balaa kubwa zaidi, maana linamwaga maji yote mahali pamoja, na mara nyingi mahali hapo ni juu ya ukuta, kwenye zile ncha.

Je, wajua kwamba zege linaweza kudhuru nyumba ya boriti? Dari kuukuu ikibomolewa na kumwagwa zege la nondo, ukuta wa matumbawe na chokaa hukutana na kitu kigumu kisichocheza nao. Chumvi iliyomo kwenye matumbawe hufuata unyevu hadi kwenye nondo. Nondo hushika kutu, huvimba, na zege huanza kudondoka vipande. Plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa nayo hufungia maji ndani. Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, na Zanzibar ina Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu 1985. Hata hivyo saruji bado inapita vichochoroni kila siku, kwa sababu mfuko wa saruji upo dukani pembeni, na chokaa iliyoiva vizuri haipo.

Kazi nzuri ipo pia ya kutazama. Jengo la Zahanati ya Zamani, lile lenye baraza za mbao zilizonakshiwa linalotazama bandari ya Zanzibar, jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, ambaye hakuishi kuliona likikamilika mwaka 1894. Katika miaka ya 1990 lilikarabatiwa na shirika la Aga Khan Trust for Culture. Ukipita, usiangalie nakshi peke yake. Angalia jinsi maji ya mvua yanavyotolewa kwenye paa na kushushwa mbali na mbao.

Je, wajua kwamba jengo kuukuu huwa hatarini zaidi siku linapotengenezwa? Mwaka 1949 moto uliteketeza michoro ya ukutani ya jumba kuu la Hōryū-ji hiyohiyo, wakati ikikarabatiwa. Mwaka uliofuata Japani ikapitisha sheria ya kulinda mali za utamaduni. Paa la Notre-Dame, Paris, liliungua tarehe 15 Aprili 2019 likiwa na jukwaa la mafundi. Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafa. Kila tukio lina sababu zake. Lakini mtu yeyote anayefungua dari ya kale ajue kwamba anaondoa vitu vilivyokwisha kuegemeana. Mirunda kwanza, nyundo baadaye.

Je, wajua Notre-Dame ilirudishwaje? Bahati ilikuwa kwamba mwaka 2014 wasanifu wawili, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, walikuwa wamelipima lile paa, mti kwa mti. Michoro yao ilifuatwa. Mialoni ipatayo 2,000 ilikatwa, mingine katika msitu wa Bercé, na mihimili ya paa la zama za kati ikachongwa kwa mashoka kutoka mti mbichi, kama ilivyofanywa karne ya 13. Mwaka 2020 mafundi walitangulia kuchonga fremu moja na kuinyanyua kwa mikono na kamba mbele ya kanisa, ili wenye shaka waone. Milango ilifunguliwa tena Desemba 2024. Shoka hufuata nyuzi za mti pale msumeno unapozikatiza, na boriti iliyofuata nyuzi zake ina nguvu zaidi.

Je, umesikia ile hadithi ya New College, Oxford? Kwamba boriti za ukumbi zilipoliwa na wadudu, mtunza misitu wa chuo akasema: tulikuwa tunawangoja, mialoni ilipandwa siku ukumbi ulipojengwa. Hadithi tamu, husimuliwa kila mkutano wa wahifadhi. Si kweli. Msitu uliotoa mialoni hiyo chuo kiliupata mwaka 1441, miongo kadhaa baada ya ukumbi kujengwa. Anayetaka mfano wa kweli aende Ise, Japani, ambako hekalu hujengwa upya kila miaka 20. La mwisho lilikuwa 2013, linalofuata ni 2033, na sherehe za kukata miti yake zilianza 2025. Nguzo kuu zikishushwa hugeuzwa malango ya daraja la Uji, zikatumika miaka 20 mingine.

Je, wajua kwamba boriti mpya inapaswa kutiwa alama? Miongozo ya ICOMOS ya urithi wa mbao, ya mwaka 2017, inataka kipande kilichobadilishwa kichongwe au kichomwe alama isiyoonekana wazi, ili fundi wa kesho asikidhani cha kale. Chuma cha moto na tarakimu nne za mwaka zinatosha.

Je, wajua kwamba katika moto, mbao nene inaweza kushinda chuma kitupu? Uso wake hugeuka mkaa kwa kasi ya milimita 0.7 hivi kwa dakika, na mkaa huo huikinga mbao ya ndani. Nusu saa, sentimita 2. Chuma kisichofunikwa hubaki na nusu ya nguvu zake kinapokaribia nyuzi joto 600. Hii ni habari ya nguzo na boriti nene. Fito na makuti hazimo.

Mwisho, dawa. Je, wajua kwamba oili chafu ya gari haiingii ndani ya mbao kavu zaidi ya ngozi yake? Inanuka, inachafua, na inalisha moto. Chumvi za boroni zilizoyeyushwa kwenye maji ni afadhali sana kwa mbao za ndani, maana husafiri polepole kufuata unyevu hadi kule kuvu iliko, ingawa mvua huziosha, hivyo hazifai nje. Na zile nguzo za rangi ya kijani kibichi, kama zile za umeme, nyingi zimetiwa shaba, kromiamu na aseniki. Kwa kujengea ni imara. Lakini vipande vinavyobaki baada ya kukata visigeuzwe kuni, maana aseniki hubaki kwenye majivu na nyingine hupanda na moshi, na fundi anayezipiga msumeno avae barakoa, anawe mikono kabla ya kushika chapati.